Babu Aliyepitia Loki

Mwaka 2007, Barack Obama akiwa angali seneta anayetafuta tiketi ya chama chake, watafiti wa nasaba walifuata upande wa mama yake vizazi vitano nyuma wakamfikia Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa Moneygall, kijiji kidogo cha Ayalandi. Kearney alishuka New York mwaka 1850, kijana wa miaka 19 hivi. Jina lake limo katika orodha ya abiria wa meli, na limo katika sensa za Marekani za wakati akilima Ohio na baadaye Indiana. Huko Moneygall nako, kasisi wa Kianglikana Stephen Neill alipekua madaftari ya zamani ya kanisa akaikuta familia yake. Tarehe 23 Mei 2011 rais mwenyewe aliingia kijijini, akapokewa kama mtoto wa nyumbani aliyepotea muda mrefu.

Upande wa baba ni Kogelo, Siaya, na huko hakuna meli. Nasaba ya Kijaluo husemwa kwa mdomo, fulani mwana wa fulani, mpaka msemaji achoke. Hata hivyo karatasi moja ilikuwepo. Katika kitabu chake cha 1995, Dreams from My Father, Obama anaeleza jinsi alivyoonyeshwa kijitabu cha mtumishi wa nyumbani cha babu yake Onyango, aliyewapikia Wazungu. Kilikuwa na jina, kabila, alama za vidole, maelezo ya umbo lake, na maoni ya waajiri mmoja baada ya mwingine. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha watumishi ili bwana mpya ajue bwana wa zamani alisema nini.

Kwa hiyo mababu hawa wawili wa mtu mmoja, mmoja Mwairishi na mmoja Mjaluo, wamebaki kwenye karatasi kwa sababu ileile: kulikuwa na mtu mwenye haja nao. Nahodha alitakiwa na sheria ya Marekani kuorodhesha abiria wake. Mwajiri alitaka kujua kama mpishi ni mwaminifu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akiwawazia wajukuu. Anayemtafuta babu kwenye nyaraka huanza kwa kuuliza alizaliwa wapi, na hapo ndipo wengi hukwama. Swali linalofungua milango ni jingine: nani alikuwa akimdai, akimtoza, akimlisha au akimchunga?

Swali hilo nataka kulipeleka Lokichoggio, au Loki kama kila mtu anavyoiita, mji wa mwisho wa Kenya kwenye barabara iendayo Sudan Kusini. Wajukuu wa Waairishi huanza safari yao bandarini Cobh, zamani Queenstown, walikopandia meli mababu zao. Kuna watoto wanaozaliwa leo Omaha, Minneapolis na Melbourne ambao bandari ya wazee wao ilikuwa kiwanja cha ndege chenye vumbi huko Turkana. Mpango wa misaada wa Operation Lifeline Sudan ulipoanza mwaka 1989, Loki ikawa mlango wake, na ikabaki hivyo mpaka mkataba wa amani wa Sudan wa 2005 ulipoyavuta mashirika kwenda Juba. Mwaka 1992 maelfu ya vijana wa Sudan waliofukuzwa na vita kutoka makambi ya Ethiopia walipita Pochalla na Narus, wakavuka mpaka hapo Loki, kisha wakapelekwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, takriban kilomita 100 ndani ya Kenya. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000, karibu 3,800 kati yao walihamishiwa Marekani. Nusu karne ijayo wajukuu zao watauliza yale yale wanayouliza leo wajukuu wa kina Kearney. Je, watapata nini?

Tuanze na Waairishi, kwa sababu wao wameshapitia njia hii na makosa yao yanafundisha. Nyaraka za Ayalandi ni maarufu kwa kuteketea. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka katika mahakama ya Four Courts mjini Dublin lililipuka. Ndani yake kulikuwa na fomu za sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851, na karibu zote zikawa majivu. Sensa nne zilizofuata hazikungoja vita. Za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe baada ya hesabu kukamilika, na za 1881 na 1891 zikasagwa kuwa karatasi chakavu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911, wakati mababu wengi wa Waamerika walikuwa wameshaondoka.

Kuna kisa kimoja ndani ya msiba huo ambacho nakipenda kuliko vyote. Mwaka 1909 serikali ya Uingereza ilianza kulipa pensheni ya wazee waliofikisha miaka 70. Ayalandi haikuwa na usajili wa vizazi vyote kabla ya 1864, kwa hiyo kikongwe wa 1909 hakuwa na cheti. Njia mojawapo ya kuthibitisha umri ilikuwa kuomba maofisa watafute jina lake katika sensa ya 1841 au ya 1851, alipokuwa mtoto nyumbani kwa wazazi. Maofisa walitafuta, wakajaza fomu, wakaandika walichokiona: baba fulani, mama fulani, watoto hawa. Sensa ikaungua 1922. Fomu za pensheni hazikuungua, na leo ziko kwenye intaneti bila malipo. Kuna familia ambazo ushahidi wao pekee wa miaka ya njaa kuu ni kwamba bibi mmoja alitaka kulipwa.

Pensheni hiyo hiyo ina upande wake wa pili. Ukilinganisha sensa ya 1901 na ile ya 1911 utakuta watu waliozeeka miaka 15 ndani ya miaka 10. Mtafiti mgeni hudhani ni watu wawili tofauti. Mzoefu anajua kwamba kati ya sensa hizo mbili kulitokea faida ya kuwa mzee. Umri kwenye karatasi hufuata kile ambacho umri huo unaleta.

Tazama pia fomu yenyewe ya 1911. Mkuu wa kaya aliijaza kwa mkono wake, au polisi alimjazia ikiwa hajui kuandika, na ndiyo maana mwandiko wenyewe ni ushahidi. Kuna safu ya dini, safu ya kusoma na kuandika, safu ya lugha ya Kiairishi. Mwanamke aliyeolewa aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amepata watoto wangapi waliozaliwa hai na wangapi bado wako hai. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ni makaburi ambayo huenda hayakuandikwa popote pengine. Lakini safu ya mahali pa kuzaliwa mara nyingi ina jina la kaunti tu. Orodha za meli ni mbaya zaidi, kwani miaka mingi ziliandika "Ireland" na kunyamaza. Mwamerika anayefika Dublin na jina la Murphy na neno "Ireland" hana alichobeba. Bila jina la parokia au la kitongoji hawezi kutumia hata Griffith's Valuation, ile orodha kubwa ya 1847 hadi 1864 iliyowataja wakaaji wa kila kipande cha ardhi. Nayo iliandikwa kwa sababu gani? Kodi.

Kosa linaloogopewa zaidi ni la kumkumbatia babu wa watu. Annie Moore wa Cork ndiye abiria wa kwanza kusajiliwa katika kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892. Kwa miaka mingi hadithi ilikuwa kwamba alikwenda magharibi hadi Texas, na jamaa za Annie Moore wa Texas walialikwa kwenye sherehe. Mwaka 2006 mtafiti Megan Smolenyak alionyesha kwamba yule wa Texas alizaliwa Marekani. Annie wa meli hakuondoka New York, aliolewa na kuzaa huko huko, akafa 1924. Jina lilikuwa sawa, nchi ilikuwa sawa, na miaka ilikaribiana. Hakuna aliyekuwa amelinganisha karatasi mbili kabla ya kushangilia.

Sasa turudi Kakuma, na kwanza kwa jambo linaloshangaza. Karatasi ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, inayoorodhesha watu wa kaya moja, wakimbizi wenyewe huiita manifesti, neno lile lile la orodha ya abiria melini. Ina namba ya kaya, jina la mkuu wa kaya, majina ya waliomo, jinsia, uhusiano, tarehe za kuzaliwa, nchi ya asili. Kwa mjukuu wa baadaye hii ni bora kuliko chochote alichopata mjukuu wa Kearney, kwa sababu inaonyesha familia nzima kwa pamoja na uhusiano wao. Kisha kuna kadi ya mgao wa chakula, kuna barua ya kutambuliwa kuwa mkimbizi, na mwaka 2015 ikaja Bamba Chakula, mgao uliotumwa kwa simu. Alama za vidole zimechukuliwa. Sidhani kuna mtu katika kaunti nzima ya Turkana, gavana akiwemo, aliyeandikwa mara nyingi kama mama mkimbizi aliyekaa Kakuma miaka 20.

Tatizo ni kusoma kilichoandikwa. Chukua tarehe ya kuzaliwa. Maelfu ya Wasudan Kusini walioko Marekani husherehekea siku moja, 1 Januari. Mtoto alifika hajui tarehe, karani akamkadiria mwaka kwa kumtazama, na kompyuta ikahitaji siku na mwezi. Umri huo uliokadiriwa ukaamua mambo mazito. Aliyehesabiwa chini ya miaka 18 alikwenda Marekani kulelewa na familia ya walezi na kusomeshwa, na rafiki yake aliyehesabiwa mtu mzima akapewa chumba na kutafutiwa kazi. Mtafiti wa mwaka 2080 akikuta umri wa mtu umebadilika kati ya karatasi ya Kakuma na ya Nebraska asiseme ni watu wawili, wala asikimbilie kusema ni mwongo. Akumbuke vikongwe wa 1909.

Majina nayo. Mdinka hujitaja kwa jina lake, la baba, la babu, na anaweza kuendelea hadi vizazi 10 bila kuhema. Fomu ya Kimarekani ina nafasi ya jina la kwanza, la kati na la mwisho. Kijana anayeitwa kwa jina lake, la baba na la babu anaingia Marekani akiwa na jina la babu kama jina la ukoo. Miaka mitano baadaye baba yake anaungana naye, na jina la mwisho la baba ni la babu wa baba. Kwenye orodha ya Wamarekani, baba na mwana hawana hata jina moja la ukoo la kuwaunganisha. Mwairishi alipambana na Kearney, Carney na Kearny, na hiyo ni tahajia tu. Hapa muundo mzima umegeuzwa. Anayetafuta aandike majina yote ya nasaba kwa mpangilio wake wa asili, kisha atafute kila jina kana kwamba ndilo la mwisho. Na mahali pia: Lokichoggio, Lokichogio, Lokichokio, yote ni mji mmoja, na mtambo wa kutafutia haujui hilo mpaka uambiwe.

Kisha kuna swali la nani ni familia. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wa kuunganisha familia za wakimbizi baada ya majaribio ya vipimo vya DNA yaliyoanzia Nairobi kuonyesha kwamba wengi waliotajwa kuwa ndugu wa damu hawakuthibitika. Mpango ulirudishwa 2012 kwa masharti makali zaidi. Wako waliouza nafasi, sikatai. Lakini yeyote anayejua vita vya Sudan anajua mtoto wa marehemu kaka yako ni mtoto wako, na yule uliyemwokota njiani Kapoeta ukamlisha miaka minane hana mama mwingine. Mjukuu atakayepima DNA yake na kukuta haifanani na manifesti ya Kakuma atakuwa amegundua ukweli wa aina moja, na huenda akapoteza wa aina nyingine.

Waliovuka Loki wakiwa na majeraha wana njia yao ya pekee. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali Lopiding, nje kidogo ya mji, mwaka 1987, na ikaikabidhi kwa serikali ya Kenya 2006. Katikati ya miaka hiyo ilikuwa kati ya hospitali kubwa za majeruhi wa vita duniani, na ilikuwa na karakana ya miguu ya bandia. Kamati hiyo hiyo ilibeba barua za Msalaba Mwekundu, karatasi fupi za habari za kifamilia zilizosafirishwa wazi, bila bahasha, kati ya makambi na vijiji vya vitani, na iliandikisha watoto waliokosa wazazi ili iwatafutie jamaa. Kwa nasaba, fomu ya kumtafuta mzazi ni dhahabu. Mtoto aliulizwa majina ya baba, mama, ndugu, chifu, kijiji, na mahali alipowaona mara ya mwisho. Hakuna fomu ya Ellis Island iliyowahi kuuliza hayo yote. Makavazi ya Kamati hiyo yako Geneva, nayo hufunguliwa kwa awamu, miongo mingi baada ya matukio. Ripoti za Operation Lifeline Sudan zimehifadhiwa kwa sehemu katika Sudan Open Archive ya Rift Valley Institute, lakini humo utakuta tani za mtama zaidi kuliko majina ya walioula.

Hadi hapa nimezungumza habari za wapitaji. Waturkana wenyewe ni hadithi nyingine, na hapa ndipo kanuni niliyoanza nayo inapouma.

Mtu aliyezaliwa karibu na Loki mwaka 1920 hakuzaliwa Kenya ya kiutawala. Sehemu hiyo ilikuwa katika Rudolf Province ya Uganda, iliyohamishiwa Kenya mwaka 1926, kwa hiyo anayetafuta nyaraka za miaka hiyo aangalie makavazi ya Uganda pamoja na ya Nairobi. Akisogea kaskazini kidogo kwenye pembetatu ya Ilemi, Sudan nayo ina lake la kusema. Baada ya 1926 kuna ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya (maDC) wa Lodwar katika Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi. Ziko wazi kwa yeyote, maana sheria ya Kenya hufungua nyaraka za serikali baada ya miaka 30. Utasoma habari za mvua, uvamizi, kodi, bunduki zilizokamatwa, machifu wazuri na wabaya. Mchungaji wa kawaida yumo kama tarakimu. Waliochungwa kwa karatasi kweli kweli walikuwa wafungwa. Jomo Kenyatta na wenzake walizuiliwa Lokitaung, na yeye akahamishiwa Lodwar 1959 hadi 1961. Kuhusu maisha yake katika miaka hiyo kuna nyaraka nyingi kuliko kuhusu kijiji chochote kilichowazunguka. Nyingine za enzi hizo zilibebwa hadi Uingereza wakati wa uhuru, na serikali ya huko ilikiri kuwa nazo mwaka 2011 tu, wazee wa Mau Mau walipoishtaki.

Usajili wa lazima wa vizazi ulienezwa Kenya nzima mwaka 1971, lakini sheria kufika na karani kufika ni mambo mawili. Wazee wengi wa Turkana wana kitambulisho chenye mwaka uliokadiriwa, sawasawa na 1 Januari ya jirani zao wa kambini. Na sensa? Ile ya 2019 ilihesabu watu 926,976 Turkana, lakini Kenya haina utaratibu wa Marekani wa kufungua fomu zenye majina baada ya miaka 72.

Ila Waturkana waliandika, tena kwa moto juu ya ngozi. Kila emachar, yaani ukoo, una chapa yake ya mifugo, na mzee akiona ng'ombe au ngamia asiyemjua huanza kusoma ubavu kabla ya kuuliza jina la mwenyewe. Chapa hukueleza ukoo wa baba. Mwanamke akiolewa kikamilifu huchukua emachar ya mume, kwa hiyo upande wa mama hauonekani kwenye ngozi na lazima uulizwe kwa mdomo. Kisha kuna marika mawili, Ngimor na Ngirisae, mawe na chui. Mtoto wa kiume huwa kinyume cha baba yake, na hivyo hulingana na babu. Kwa mtafiti hiki ni kipimo cha bure. Nasaba inayosimuliwa ikimfanya babu kuwa jiwe na mjukuu kuwa chui, kuna kizazi kimerukwa au kimeongezwa. Tarehe zinapatikana kwenye majina ya miaka mibaya. Aliyezaliwa wakati wa Lopiar alizaliwa katika ukame wa 1979 hadi 1981 hivi, na hilo ni sahihi kuliko tarehe nyingi za vitambulisho. John Lamphear, mwanahistoria aliyewahoji wazee wa Turkana katika miaka ya 1970, aliweza kwa zana kama hizi kuandika The Scattering Time, historia ya vita vyao na Waingereza, kisha akayalinganisha masimulizi hayo na faili za wakoloni.

Na Mwairishi wa Turkana? Yupo, lakini si pale unapomtarajia. Mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick, lenye makao Kiltegan, Ayalandi, waliingia Turkana mwaka 1961, wakati wa njaa. Masista wa Medical Missionaries of Mary, shirika jingine lililoanzishwa na Mwairishi, wakafuata. John Mahon aliongoza eneo hilo kutoka 1968 likiwa utawala mdogo wa kimisionari, akawa askofu wa kwanza lilipofanywa Jimbo la Lodwar 1978, akastaafu 2000. Aliyempokea, Patrick Harrington, naye Mwairishi, akakaa hadi 2011. Miaka zaidi ya 40, basi, kanisa kubwa la Turkana liliongozwa na watu wa kisiwa kile kilichounguza nyaraka zake. Mapadri hawaachi wajukuu. Kwa hiyo Mwairishi utakayemkuta kwenye karatasi za Lodwar, Kakuma au Loki mara nyingi si babu. Ndiye aliyeshika kalamu siku babu yako alipobatizwa. (Ukikutana na Patrick wa Turkana, usikimbilie kupima DNA. Muulize kwanza nani alimbatiza.)

Ukurasa wa daftari la ubatizo unastahili kusomwa polepole. Namba, jina la Kikristo na la Kiturkana, mwaka wa kuzaliwa, siku ya ubatizo, baba, mama, msimamizi, sahihi ya padri. Jina la Kiturkana limeandikwa jinsi sikio la mtu wa Cork au Wicklow lilivyolisikia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu katika madaftari mawili. Pembeni kuna nafasi, na hapo ndipo mtafiti mvivu asipotazama. Sheria ya Kanisa inataka kipaimara na ndoa ya mbatizwa viandikwe kwenye ingizo lake la ubatizo, hata kama alioa Kitale au Nairobi. Ukingo mmoja wa ukurasa unaweza kukupa alikohamia. Na kumbuka mama yupo, kwa jina lake. Kile ambacho chapa ya ng'ombe haikuhifadhi, padri mgeni alikihifadhi bila kukusudia, kwa sababu Kanisa lilitaka kujua kama ndoa za baadaye zitakuwa halali. Hata serikali hulitegemea daftari hilo, kwani anayeomba cheti cha kuzaliwa akiwa amechelewa anaweza kuleta kadi ya ubatizo kama ushahidi.

Dublin inatufundisha jambo moja kuhusu madaftari haya. Kanisa la Kianglikana la Ayalandi lilitakiwa kupeleka madaftari yake mengi mji mkuu, na zaidi ya nusu yaliteketea 1922. Ya Wakatoliki yalibaki kabatini kwa maparoko, yakapigwa picha baadaye, na mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi ikayaweka kwenye intaneti bure. Kubaki mashambani kuliyaokoa, lakini nakala ndiyo iliyoyafikisha kwa wajukuu. Turkana ina mchwa, ina mafuriko ya ghafla ya mito ya msimu, ina maparoko wanaohamishwa. Daftari lililopo parokiani tu lina hatari yake, na lililopelekwa jengo moja la Nairobi lina nyingine. Jambo la busara ni nakala zaidi ya moja katika sehemu zaidi ya moja, na gharama yake leo ni simu yenye kamera na siku chache za kazi.

Kuandikwa kunaweza pia kumgeukia aliyeandikwa. Kaskazini mashariki mwa Kenya, hasa Garissa, wako Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi wakati wa ukame ili wale mgao. Vidole vyao vikaingia kwenye hifadhidata. Walipofikisha miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, mtambo ukawatambua kuwa wageni, na maelfu wameishi bila kitambulisho cha nchi yao. Mjukuu wa mmoja wao, akitafuta kwenye nyaraka tu, atathibitisha kwa ushahidi kamili kwamba babu yake alitoka Somalia. Atakuwa amekosea, na kila karatasi itamuunga mkono. Dawa ni ile ile iliyomrudisha Annie Moore kwao: karatasi ya pili, iliyoandikwa na mtu mwenye haja tofauti, kama shule, zahanati, msikiti au mzee wa ukoo.

Kwa aliyepita Loki akaishia Marekani, karatasi ya pili na ya tatu zipo. Alitia sahihi hati ya deni, kwa maana tiketi ya ndege ya mkimbizi hutolewa kwa mkopo kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji na hulipwa kidogo kidogo baada ya kufika. Serikali ya Marekani ina faili la uhamiaji la kila mhamiaji, na kwa utaratibu wa sasa faili hilo huhamishiwa makavazi yao miaka 100 baada ya mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa ndani yake. Kijana aliyekadiriwa Kakuma kuwa amezaliwa 1 Januari 1982 faili lake litafikia hapo mwaka 2082. Sensa ya Marekani ya 2010, ya kwanza kuwahesabu wengi wao, itafunguliwa mwaka huo huo.

Mwenyewe hana haja ya kungoja. Sheria ya Marekani inamruhusu kuomba nakala ya faili lake sasa, na sera ya UNHCR inampa mkimbizi haki ya kuomba kuona taarifa zake mwenyewe. Ni haki ya mtu aliye hai, ambayo mjukuu hairithi kwa urahisi. Waliovuka Loki 1992 wakiwa na miaka 10 au 12 sasa wako katikati ya miaka ya 40. Faili likija, wakae nalo pamoja na mtu wa kwao anayejua nasaba, wasahihishe majina kwa kalamu pembeni kwa mpangilio wa baba, babu na baba wa babu, na wataje kijiji, si nchi tu.